Mpaka Ulioonekana Saa Tatu Asubuhi

Tarishi wa Ofisi ya Mipaka alipoingia karakanani kwetu, nilikuwa nakoroga gundi. Gundi ya unga haitaki kuachwa. Ukigeuza shingo tu, imeshashika chini. Kwa hiyo sikugeuka. Nilimsikia akimuuliza msimamizi:

"Nani alibandika ramani ya ofisini kwa Mkuu?"

"Ipi? Kule kuna ramani tatu."

"Ile kubwa. Ya dirishani."

"Aa, hiyo ni kazi ya Bibi Gundi," msimamizi akajibu haraka haraka, kama mtu anayempokeza mwenzake sufuria ya moto.

Bibi Gundi ndiye mimi. Nikatoa sufuria jikoni, nikajifuta mikono kwenye aproni, nikapokea karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa na mistari mitatu tu ya taipureta. Ramani ina kasoro. Inaonyesha mstari usiokuwepo. Aliyeibandika afike kesho saa mbili na nusu asubuhi na vifaa vyake.

Nyuma yangu, rula ya chuma ikaanguka sakafuni.

Aliyeiangusha ni mjukuu wangu. Ni mtoto wa marehemu binti yangu, nimemlea tangu ana miezi saba, na ndiye anayeandika majina kwenye ramani zetu: miji, mito, milima, bahari za mbali. Mkono wake, yaani mwandiko, haufanani na wa mtu mwingine. K yake ina mguu mrefu uliotoka nje, kama mtu aliyelala shuka likamwishia. Ukiiona mara moja huisahau.

"Okota rula yako, mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyotaniana. Akaiokota. Lakini badala ya kunitania naye, aliendelea kuitazama karatasi iliyo mkononi mwangu.

Tarishi alipoondoka nilirudi kwenye meza yangu nikaanza kufikiri. Kazi yangu ni kuzipa ramani mgongo. Ramani ikitoka mashineni ni karatasi tu. Ukiitundika hivyo hivyo, mwaka haupiti imechanika. Mimi huilaza kifudifudi, nikaipaka gundi mgongoni, nikabandika bafta, ile nguo nyeupe nyepesi, nikapitisha rola ya mbao mpaka pumzi yote itoke, nikakata kingo, nikapigilia ufito juu na ufito chini. Gundi yenyewe natia shabu kidogo, mende wasiile. Ramani kubwa za maofisini naziongezea karatasi moja katikati, kati ya ramani na bafta, ili zisimame wima. Hiyo tunaiita karatasi ya mgongo.

Sasa, karatasi ya mgongo sichukui mpya. Kuficha karatasi mpya ndani ya gundi, roho haikubali. Nachukua zilizoharibika mashineni, zilizochapwa kombo au zilizomwagikiwa wino. Zinakaa pembeni ya meza yangu, zote zimelala kifudifudi zisishike vumbi, nami huibandika kila moja vilevile ilivyolala, upande wa wino ukigusa mgongo wa ramani, ili wino usije ukapenya kwenye bafta. Kwa hiyo mimi huona weupe tu. Miaka ishirini na sita nimeona weupe tu.

Mstari usiokuwepo ungetoka wapi?

Nilipata jibu jioni, nyumbani. Tunakaa vyumba viwili nyuma ya duka la fundi saa, na saa zake zote ukutani zinagonga kwa kupishana, kwa hiyo kwetu saa kumi na mbili huwa inachukua dakika nne nzima kupita. Zilipokwisha kugonga, mjukuu wangu akakaa chini sakafuni, mbele ya miguu yangu, kama alivyokuwa akikaa nimsuke.

"Bibi, nisamehe."

"Nikusamehe nini, na sijajua?"

"Siku ile unabandika ramani ya Mkuu, ulikwenda kukoroga gundi. Mimi nilikuwa na yangu mezani. Msimamizi akaingia ghafla. Nikaigeuza, nikaiweka juu ya zile mbovu zako. Niliporudi kuichukua sikuikuta. Nikadhani umewashia jiko."

"Na kinywa ulikuwa nacho. Hukuniuliza kwa nini?"

"Ningekuuliza, ungejua."

"Yako ipi? Usiniambie ni ya mvua."

Akainamisha kichwa. Ilikuwa ya mvua.

Lazima nieleze. Huyu mtoto tangu ana miaka kumi na miwili huchora nchi zisizokuwepo. Si za kubuni hivi hivi. Anachukua jambo lililotokea kweli, analigeuza kidogo tu, halafu anafuatilia dunia nzima itakavyokaa. Kama mfalme fulani asingekufa mapema. Kama meli fulani isingezama. Anasoma vitabu, anauliza wazee, anapiga hesabu za miaka, mwisho anachora ramani: mipaka mingine, miji mikuu mingine, reli mahali pengine, bahari zina majina ambayo hakuna baharia aliyewahi kuyasikia. Mimi nilikuwa nikipenda kuzitazama nikiwa namenya viazi. Nilikuwa nikimuuliza, "Na sisi humo tuko wapi?" Naye ananionyesha. "Humu una meli tatu, Bibi." "Humu sote tunaongea lugha ya watu wa barafu." Tunacheka.

Lakini ile ya mvua haikunichekesha. Kila mtoto wa shule wa kwetu anajua habari ya mvua. Zamani, kabla sijaolewa, wajumbe wa pande mbili waliahidiana wakutane kivukoni wakate mpaka. Wa kwetu walizuiwa na mvua siku moja. Walipofika, mstari ulikuwa umeshachorwa, unafuata mto, na vijiji arobaini vya ng'ambo vikawa vya wenzetu. Mjukuu wangu akauliza swali lake: je, kama mvua isingenyesha? Akaweka karatasi juu ya ramani ya serikali kwenye kioo chenye taa chini yake, akanakili mito na milima kwa kipimo kilekile, kisha akaupandisha mpaka kutoka mtoni hadi kwenye milima ya mbele. Pembeni akaandika kwa wino, herufi kubwa: KAMA MVUA ISINGENYESHA.

Nilipomuuliza siku ile tuko wapi humo, aliweka penseli chini kwanza.

"Babu alizaliwa ng'ambo," alisema. "Alikuja huku kwa sababu mpaka ulimtupa nje ya shamba lao. Humu angebaki kwao. Msingekutana."

"Kwa hiyo mama yako hayumo."

"Hayumo."

"Na wewe?"

"Na mimi simo, Bibi. Lakini ona reli ilivyonyooka."

Nilimwambia aikunje, aiweke mbali. Mtoto kuchora dunia nzima akajiacha nje kwa mkono wake mwenyewe, niliona ni mkosi. Kumbe hakuiweka mbali.

Na zaidi ya hofu yangu hiyo ilikuwepo hofu ya kila mtu. Tangu vita vya mwisho, kwetu mpaka si kitu cha kuchezea. Ukiuchora ndani zaidi, unauza nchi. Ukiuchora nje zaidi, unataka vita. Mwalimu wa mlango wa tatu, jirani yetu, alichora nchi ubaoni, chaki ikamwishia kabla hajafunga kona ya chini. Alikwenda kutafuta chaki nyingine. Aliporudi kona ikawa imeshaonwa. Alikaa ndani miezi kumi na mmoja. Siku hizi ukimwomba akuonyeshe njia, anakunja vidole ndani ya ngumi na kukuelekeza kwa kidevu.

"Tuondoke," mjukuu wangu akasema. "Tuondoke usiku huu."

"Tuende wapi? Kila njia ina kizuizi, na kila kizuizi kina ramani niliyoibandika mimi."

Akacheka, kisha akaanza kulia katikati ya kicheko.

"Kesho nitakwenda mimi niseme ni yangu."

"Kesho utakwenda kazini, utaandika majina ya maziwa, na mkono usikutetemeke. Mimi nimeibandika, mimi nitaibandua."

"Wino ule hautoki kwa maji, Bibi."

"Wino hautoki. Lakini karatasi ikilowa ni uji. Wino utashika nini?"

Asubuhi nilichukua ndoo ndogo, sifongo mbili, kisu cha mfupa, rola, na chupa ya gundi. Nilivaa aproni ya mifuko. Ofisi ya Mipaka iko ghorofa ya pili, ngazi thelathini na nne. Nilizihesabu kwa sababu nilitaka kichwa kiwe na kitu kingine cha kufanya. Katibu wa Mkuu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya uzi, aliniandika kwenye daftari: saa niliyofika, vifaa nilivyobeba, hata sifongo akazihesabu.

Nilitegemea kumkuta mtu wa kupiga meza. Nilimkuta mwembamba, amevaa sweta, kucha safi, akainuka aliponiona.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba."

Mtu wa namna ile akikuamkia vizuri, unamwogopa zaidi kuliko akikufokea.

Ramani ilikuwa imetundikwa mbele ya dirisha, kwa sababu kuta zote zilikuwa na makabati ya mafaili mpaka darini. Ilikuwa pana kuliko dirisha lenyewe, inafanya kazi ya pazia. Muda ule ilikuwa nzima, safi, mpaka wake mwekundu ukifuata mto bila makosa. Nikapata matumaini. Nikaweka ndoo chini, nikaanza kukunja mikono ya gauni.

"Naweza kuishusha sasa hivi, baba. Ni kazi ndogo."

"Haraka ya nini?" akasema. "Kaa. Bado dakika ishirini."

Nikakaa. Katibu akaleta chai. Nilishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Mkuu alikuwa akisoma faili lake, anafungua ukurasa, anatia sahihi, anafungua ukurasa. Nje, jua lilikuwa bado nyuma ya paa la ghala lililo mkabala. Nililiona likipanda pembeni ya pazia, upande wa paa ukianza kung'aa kama kisu kinachonolewa. Nikaomba wingu. Sijawahi kuomba wingu tangu nizaliwe.

Saa tatu kamili jua likapita paa.

Sijui nielezeje. Ramani ikawaka. Bafta, karatasi, gundi, vyote vikawa kama ngozi ya mkono ukiushika mbele ya taa, na ndani yake mshipa ukatokea. Mstari mweusi, mwembamba, ukipanda kutoka kona ya chini, ukauacha mto, ukapita vijijini, ukajikunja kando ya milima mmoja baada ya mwingine kwa uangalifu wote, ukashuka upande wa pili. Mito ya chini ililingana na mito ya juu. Milima ililingana. Hapakuwa na kosa hata la upana wa uzi. Ilikuwa nchi moja imevaa nyingine. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya hofu ile nilijisikia fahari, maana nilijua mkono ule ulijifunza kushika penseli juu ya meza yangu.

"Unauona?" Mkuu akauliza.

"Macho yangu mazee, baba."

"Unauona."

"Nauona."

Akainuka, akaisogelea ramani akiwa na kalamu mkononi, akanyoosha ncha bila kuigusa.

"Hapa ndipo alipozaliwa mama yangu. Ndipo alipo mpaka leo, kama yupo. Mto ulifungwa nikiwa huku. Huu mwaka wa tisa." Alisema polepole, kama anasoma faili la mtu mwingine. "Kwenye ramani yangu ni ng'ambo. Kwenye hii ya ndani, ni kwetu. Kila asubuhi kwa dakika arobaini ni kwetu. Halafu jua linapanda, panarudi ng'ambo."

Nikauliza swali la kijinga. "Tangu lini, baba?"

"Wiki sita."

Wiki sita! Wiki sita mtu huyu alikaa nayo, nasi tunakula, tunalala, tunataniana.

"Juzi mgeni kutoka makao makuu alikaa kiti hicho ulichokalia, saa hizi hizi," akasema. "Ndiyo maana nimekuita. Nani kaichora?"

"Ni makaratasi mabovu ya mashineni. Mimi huyaokota tu, nikayatia ndani."

"Mashine haichori kwa mkono, Bibi."

"Mimi huona upande mweupe tu," nikasema, na hilo lilikuwa kweli, nikalishika kama mtu anayeshika reli ya ngazi. "Miaka ishirini na sita, baba. Muulize yeyote."

Akaifunga kalamu yake. Kisha akamwita katibu.

"Njoo uandike. Fundi anaondoa kasoro ya gundi."

Tuliilaza ramani kifudifudi juu ya meza ya mikutano. Nikalowesha bafta kwa sifongo, nikangoja, nikaishika kona, nikaivuta. Ilitoka yote bila kuchanika. Chini yake ndiyo ile karatasi ya mgongo, weupe wake ukinitazama, na nchi ya mjukuu wangu imelala kwa upande wa pili. Kwa kazi nzuri, ungeilowesha robo saa, halafu uingize kisu cha mfupa taratibu, na karatasi ingetoka nzima kama ganda la yai la kuchemsha. Mimi nilimwaga maji mengi mara moja, nikaanza kusugua kwa dole gumba.

Katibu alisimama na daftari lake. "Bibi, haiwezi kutoka nzima? Baba yangu alikuwa akijalidi vitabu. Zake zilikuwa zikitoka nzima."

"Karatasi mbovu, mwanangu. Haina nguvu."

"Inaonekana nzito."

"Nzito kama mimi. Ukinigusa tu nachanika."

Akacheka kidogo, akaandika. Sijui aliandika nini. Nikaendelea kusugua. Karatasi ilijikunja chini ya vidole ikawa vijiti vya kijivu, kama minyoo, na katika kila kijiti palikuwa na weusi: kipande cha mlima, kipande cha reli, nusu ya kijiji. Nikavitupa ndoani, nikavikoroga. Mgongo uliniuma, maji yakaniingia viatuni. Niliifuta nchi ile kutoka kusini kwenda kaskazini kwa saa nzima na zaidi, na kila nilipofika kwenye mpaka nilisugua mara mbili. Mkuu alikuwa amekaa na mafaili yake. Hakufungua hata moja.

Ilibaki kona moja. Nilijua kuna nini kwenye kona ile: yale maneno ya mvua. Nikaimwagia maji, nikasugua, na katibu akasema, "Ngoja nilete taulo, sakafu inalowa," akatoka. Nikasugua kwa haraka zaidi. Nilipoinua mkono kufuta jasho, Mkuu akasema:

"Umeshika kitu, Bibi."

Kilikuwa kimenata chini ya kiganja, karibu na kifundo. Ukanda mwembamba, mrefu kama kidole. Akaja, akaubandua kwa kucha zake safi, polepole usichanike, akausoma. Kisha akaja upande wangu, akainua ukingo wa ramani yake ya serikali, akainama, akatafuta. Alipata alichokitafuta. Kwenye pembe ya juu palikuwa na neno KASKAZINI, na K zake mbili zilikuwa zimetoa miguu nje ya shuka.

Alitazama ukanda. Alitazama ramani. Hakunitazama mimi.

Akafungua mtoto wa meza, akatoa kitabu kinene cha kanuni, akauweka ukanda katikati ya kurasa, akakifunga.

"Mwambie anayehusika," akasema, kwa sauti ya chini, "reli haiwezi kupita pale alipoipitisha. Kusini ya kijiji chetu ni kinamasi. Nilikulia pale. Ng'ombe walikuwa wakizama."

Katibu akarudi na taulo.

Nilirudi nyumbani na ndoo ya uji wa kijivu. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni kwa fundi saa, anajifanya anatazama saa. Nilimsubirisha mpaka tumefunga mlango wa ndani, nikamweleza kila kitu, kuanzia ngazi thelathini na nne mpaka kitabu cha kanuni. Nilipofika kwenye K, aliziba mdomo kwa mikono. Nilipofika kwenye kinamasi, mikono ikashuka.

"Kinamasi?" akasema. "Kweli, Bibi! Kwenye ile ramani ya zamani kuna alama za majani pale, nikadhani ni uchafu. Basi reli ingezunguka. Ingepita mashariki, na mji mkubwa ungekuwa..."

Alikuwa ameshachukua penseli. Nilimpiga kofi la mkono, penseli ikaruka mpaka chini ya kitanda. Sikuwahi kumpiga tangu azaliwe. Saa za fundi zikaanza kugonga moja moja.

"Ameelewa, Bibi," akasema, machozi yanamtoka. "Mtu wa kwanza aliyeitazama akaelewa."

"Na ni wa kwanza anayeweza kukupoteza. Ana mkono wako ndani ya kitabu chake."

Siku zilizofuata sikumwacha peke yake. Nilimsindikiza mpaka chooni karakanani, wenzake wakaanza kusema Bibi Gundi sasa amejibandika kwa mjukuu. Kila viatu vilipolia koridoni niliangalia miguu kwanza, kama ni ya tarishi. Siku ya tisa ikawa ya tarishi.

Safari hii ni agizo la kazi, lenye mhuri. Ramani ya zamani imefanya mawimbi kwa sababu ya maji. Itengenezwe mpya, kipimo kilekile. Na chini kabisa, kwa kalamu, si kwa taipureta: Iwe na karatasi ya mgongo, kama ile ya kwanza.

Tuliisoma wote wawili, vichwa vimegusana.

"Anaiomba," mjukuu wangu akanong'ona. "Anaiomba tena. Anataka amwone mama yake."

"Au anataka tujifunge kamba wenyewe, yeye aje kuvuta tu."

"Mtu aliyekaa nayo wiki sita bila kusema?"

"Mtu aliyekaa nayo wiki sita anajua kungoja."

"Bibi, ningeichora kwa siku tatu. Na kinamasi mahali pake."

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "katika ramani ile wewe humo. Ulishajifuta mara moja kwa mkono wako. Mara ya pili watakufuta wao."

Alikwenda kwenye meza yake, akaandika KASKAZINI ya ramani mpya. Niliona alivyoandika K: fupi, imenyooka, miguu yote ndani. Iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Karatasi ya mgongo nilimwomba msimamizi anipe mpya. Alinitazama kama nimeugua. "Wewe? Mpya?" Niliishika mbele ya dirisha upande huu, nikaigeuza upande ule, nikaishika tena. Nyeupe, haina hata nukta. Hata hivyo nilipokwenda kukoroga gundi nilikwenda nayo, nimeikumbatia, na mjukuu wangu akanitazama nikipita akageuza uso.

Ramani ilipelekwa Jumatatu. Jumanne saa tatu asubuhi anga lilikuwa wazi kabisa. Niliweka rola chini. Nilijua muda ule mtu mmoja ameinuka kitini, anangoja jua lipite paa la ghala, na kwamba lilipopita aliona mto wake, mpaka wake mwekundu, na nyuma yake mwanga mtupu. Kama ulikuwa mtego, tulikuwa tumepona. Kama hakuwa ametega, basi mimi ndiye niliyemnyang'anya mama yake. Mjukuu wangu naye alikuwa ameweka kalamu chini.

Alhamisi tarishi akaleta bahasha. Kwa juu: Bibi wa gundi. Ndani hamkuwa na barua. Mlikuwa na kipande cha ule ukanda, kimekauka, kimekatwa kwa mkasi, kimenyooka. Kilisomeka ISINGENYESHA.

Tukaigeuza bahasha, tukaitikisa. Hamkuwa na kingine. KAMA MVUA alibaki nayo, na K yake, ama kwa kutukumbusha kwamba anatujua, ama kwa kumkumbuka mama yake.

Nilikitia kipande kile kwenye moto wa jiko la gundi, nikakoroga gundi mpaka mkono ukafa ganzi. Tangu siku hiyo kila karatasi inayofika mezani kwangu naiinua kwanza mbele ya dirisha. Mjukuu wangu hachori tena nchi nyingine yoyote. Anaandika majina ya maziwa, herufi fupi fupi, mtu yeyote angeweza kuziandika. Na saa tatu ikifika, kama jua lipo, sote wawili huacha kazi kidogo, yeye anautazama mlango, na mimi namtazama yeye.